Mwenye nyumba anayeomba ruhusa kuingia kwake

Wiki iliyopita mwenye nyumba wangu alinipigia simu kuomba ruhusa. Mti wa plamu ulioko bustanini umeinamia paa, naye alitaka kuja kupunguza matawi kabla upepo mkali haujaanza. Mti ni wake, bustani ni yake, paa ni lake. Akauliza kama Jumamosi asubuhi itanifaa au nina wageni. Nikamwambia haina shida, nikakata simu, nikacheka peke yangu jikoni mpaka machozi. Mtu aliyepanga Tandika, Buguruni na Tabata, mitaa ya Dar es Salaam, hajazoea kuulizwa mambo kama hayo. Baba mwenye nyumba wangu wa Buguruni alikuwa na ufunguo wa akiba wa kila chumba. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta kaingia kwangu, kachomoa friji, na ananieleza kwa utulivu kabisa kwamba Luku, umeme wa kulipia kabla, inaisha haraka na alitaka kumjua mchawi ni nani. Aliyeomba radhi siku ile ni mimi.

Niko Creuse, katikati kabisa ya Ufaransa, mahali ambapo hata Wafaransa wenyewe ukiwatajia wanakuuliza umefuata nini kule. Nimefuata kazi. Huku wazee ni wengi na vijana wa kuwatunza ni wachache, na kutunza wazee ndiyo kazi yangu. Mkoa mzima haufikishi watu laki moja na ishirini elfu, wakati wilaya ya Temeke kule Dar peke yake imepita milioni. Majirani zangu wa karibu ni ng'ombe wekundu wa Limousin. Mkate naufuata kijiji cha pili, na Jumatatu usijisumbue, duka limefungwa. Nyumba yenyewe ni kijumba cha mawe ya granaiti, jiko na sebule chini, chumba kimoja juu, kuta nene kiasi kwamba kwenye kingo ya dirisha napanga sufuria zangu zote na nafasi inabaki. Zamani wanaume wa huku walikuwa wanaondoka baridi ikipungua, wanatembea kwa miguu hadi Paris kuwajengea watu majumba, halafu wanarudi na hela baridi ikianza. Kwa hiyo vijiji hivi vinaijua hela ya mtu wa mbali, na mimi ninayemtumia mama Mbagala kila mwisho wa mwezi si kioja hapa.

Lakini simu ya mti wa plamu ilinikumbusha siku ya kukabidhiwa funguo.

Mwenye nyumba ni bibi wa miaka sabini na kitu. Alikuja na mabuti ya mpira, tochi, miwani ya kamba shingoni na makaratasi nakala mbili. Nikajua tutasaini, nitampa hela, ataondoka. Wapi! Tulianza mlangoni, tukaikagua nyumba nzima hatua kwa hatua. Kitasa kinafunga, andika. Kigae nyuma ya bomba kina ufa wa urefu wa kidole, andika. Alivuta maji chooni akasubiri tangi lijae tena. Alifungua oveni akaingiza kichwa. Tukasoma mita ya umeme na ya maji pamoja, tarakimu kwa tarakimu, kila mmoja akaangalia kwa macho yake. Tulipofika kwenye droo ya vijiko akavimwaga mezani na kuvihesabu: vijiko vya chai kumi na viwili, na kimoja kimepinda. Akaandika kwamba kimoja kimepinda. Nilimwangalia yule bibi akiandika habari za kijiko kilichopinda kwa mwandiko mzuri wa shule, nikaanza kutafuta mtego uko wapi.

Mtego haupo. Kila mmoja alibaki na nakala yake yenye saini zote mbili. Nikapewa siku kumi za kudai marekebisho nikigundua kitu ambacho hatukukiona, na kwa upande wa vipasha joto naweza kudai mpaka mwezi wa kwanza wa msimu wa kuviwasha, kwa sababu huwezi kujua hita mbovu wakati wa jua. Siku ya kuondoka tutaikagua tena kwa karatasi ileile. Kila kitu kikiwa sawa, ana mwezi mmoja wa kunirudishia amana yangu. Kikipungua kitu, miezi miwili. Akichelewa, kila mwezi unaoanza ananiongezea asilimia 10 ya kodi ya mwezi. Kwa nyumba yenye samani haruhusiwi kudai amana inayozidi kodi ya miezi miwili. Na kodi yenyewe, nikitaka kulipa mwezi kwa mwezi, hawezi kunikatalia. Yote hayo yamo katika sheria yao ya tarehe 6 Julai 1989 na marekebisho yake. Kuna hata amri ya mwaka 2015 inayoorodhesha vitu ambavyo nyumba ya samani lazima iwe navyo: blanketi, pazia la chumbani, meza, viti, sahani, na vifaa vya kufanyia usafi. Someni tena hapo. Serikali ya Ufaransa imekaa kitako ikaamua mpangaji apewe fagio.

Kwetu sina haja ya kuwaeleza. Kodi ya miezi sita, mwezi mmoja wa dalali, hela ya dalali ya kuonyesha chumba ambacho wote wawili mnajua kilishapangishwa jana, rangi utapaka mwenyewe, kitasa utabadilisha mwenyewe, balbu umekuja nayo kwenye mfuko. Na siku ya kuhama unaambiwa, "Hiki kioo ulipoingia kilikuwa kizima." Utathibitisha na nini?

Najua mnachotaka kusema. Dada ushaanza. Juzi tu ulikuwa unagombania daladala Mbagala Rangi Tatu, leo unatuhubiria vijiko. Haya, nisikilizeni basi, maana siko hapa kuwauzia Ulaya.

Kabla ya kumpata huyu bibi nilitafuta nyumba mpaka nikachoka. Wafaransa hawakuombi kodi ya miezi sita, wanakuomba maisha yako yote kwenye bahasha. Karatasi za mshahara za miezi mitatu, mkataba wa kazi, karatasi ya kodi ya mapato, kibali cha kuishi, na mdhamini ambaye naye alete karatasi hizohizo zake. Mara nyingi wanataka kipato chako kiwe mara tatu ya kodi ya nyumba. Nyumbani hela ndiyo barua ya utambulisho: ukiwa nayo mkononi, hakuna anayekuuliza unafanya kazi wapi wala shangazi yako ni nani. Hapa niliwahi kupiga simu kwa wakala mmoja nyumba ikiwa bado imetangazwa, akasikia lafudhi yangu, akasema imeshachukuliwa. Mwenzangu wa kazini, mzungu, akapiga mchana uleule akapewa miadi ya kwenda kuiona. Dalali wa Tabata atakula hela yako, lakini hatakukataa kwa sauti yako. Kwa hiyo anayedhani nimelewa Ufaransa ajue nimeonja na machungu yake.

Na wale mnaodhani Ulaya yote ni mabomba na lami, kijumba changu hakijaunganishwa na bomba la majitaka. Kuna shimo bustanini, kama la kwenu, na linanyonywa na gari, kama lenu. Jikoni napikia mtungi wa gesi wa kilo 13. Dohani, yaani bomba la moshi, lazima isafishwe kila mwaka, na wa kulipa fundi ni mimi mpangaji, na cheti cha fundi nikitunze, kwa sababu nyumba ikiungua kampuni ya bima itakitaka. Bima nayo ni lazima, na ni juu yangu. Usinielewe vibaya, karatasi za nchi hii zinachosha. Kuna siku natamani nimpate mtu wa kumpa elfu kumi mambo yaishe.

Ila nilipouliza juu ya lile shimo, bibi alitoa risiti ya mara ya mwisho lilipovutwa, na tarehe ikaingia kwenye orodha. Nikakumbuka Tandika, shimo lilipojaa wiki ya Idi. Wapangaji wa mbele wakasema wao hawana watoto, wa nyuma wakasema wao wamehamia juzi, mwenye nyumba akasema yeye haishi pale hivyo hajajaza. Hoja zote zilikuwa nzuri. Tukakaa na harufu mpaka sikukuu ikaisha.

Hawa watu wanapenda kuandikiana, na wakishindwa kuelewana wanapelekana mahakamani kwa jambo lolote. Mwaka 2019 kwenye kisiwa cha Oléron jogoo mmoja aitwaye Maurice alishitakiwa na majirani waliokuwa na nyumba ya mapumziko pale, kisa anawika alfajiri. Jogoo akashinda. Mwaka 2021 bunge likapitisha sheria ya kulinda sauti na harufu za shamba, yaani ng'ombe alie, kengele ya kanisa ilie, samadi inuke, na mtu wa mjini avumilie. Kuna sheria nyingine ninayoipenda zaidi: kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi mpangaji hafukuzwi nyumbani hata kama anadaiwa kodi, isipokuwa kwa mambo machache. Anaweza kushitakiwa, anaweza kushindwa kesi, lakini kutolewa nje kwa nguvu kunasubiri baridi ipite. Na mwenye nyumba akiingia kwangu bila ruhusa ni kosa la jinai. Baba wa Buguruni angekuwa amefungwa siku nyingi.

Hapo sasa ndipo roho inaponiuma, kwa sababu nikiandika hivyo namwona mama mwenye nyumba wa Tabata. Huyu naye aliingia chumbani kwangu bila hodi. Aliingia kwa sababu hakuniona bombani asubuhi, akanikuta nimelala na malaria imenipanda kichwani. Akanikokota mpaka kwenye bajaji, akakaa na mimi zahanati mpaka dripu ikaisha, akanipikia uji wa ulezi wiki nzima. Baba yangu alipofariki hakuniuliza kodi mpaka arobaini ikapita. Hapa Creuse nikizidiwa usiku, bibi wa vijiko hataingia. Atapiga simu. Nisipopokea atapiga tena kesho yake, halafu ataandika barua. Nimewahudumia wazee ambao majirani waligundua wameanguka kwa sababu madirisha hayakufunguliwa asubuhi, na hao ndio wenye bahati ya kuwa na jirani anayeangalia madirisha.

Mkishaanza kushangilia hapo, nimalizie na upande wa pili. Mama huyohuyo wa Tabata alinipandishia kodi jioni ileile aliyoona kirikuu, kigari cha mizigo, inashusha friji yangu. "Mwanangu umeshakuwa mtu mkubwa." Upendo wake ulikuwa wa kweli na kodi yake ilikuwa ya kweli. Nikimwambia Mfaransa kwamba vyote viwili vilitoka kwa mtu mmoja ndani ya mwaka mmoja, ananiangalia kama namsimulia ngano.

Halafu yuko yule msomaji wangu mkorofi, namjua, ameshaanza kuandika: "Mbona husemi kwamba mama yako naye ana vyumba vya kupangisha Mbagala, na anachukua miezi sita?"

Nasema. Mama yangu ana vyumba vitatu vya kupangisha na anachukua miezi sita. Kwa kodi hiyo nilisomeshwa mimi. Na nilipoanza kulipa kodi mwezi kwa mwezi huku, ndipo nilipokaa nikajiuliza kwa nini mama yangu, ambaye si mnyanyasaji, hataki hela ya mwezi mmoja. Bibi wa Creuse ana pensheni yake kila mwezi. Nyumba yake ilijengwa na watu waliokufa zamani, na kodi yangu kwake ni nyongeza. Mama hana pensheni. Nyumba alijenga tofali kwa tofali, na mpaka leo haijaisha. Akienda benki kuomba mkopo wa mabati anakuta riba ya asilimia kumi na kitu, na wanataka hati ambayo hana. Hela pekee ya pamoja anayoishika ni ile ya mpangaji. Miezi sita ya kijana wa bodaboda ndiyo mabati ya chumba cha nyuma. Kwa maneno mengine mpangaji ndiye benki, anakopesha bila riba na bila kuambiwa kwamba anakopesha, na siku akiwa na shida hapati hata salio lake.

Na si hilo tu. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku, na anayenunua Luku ni nani? Sheria inasema mdaiwa ni mwenye jengo. Muulizeni mpangaji yeyote wa Mbagala kama amewahi kurudishiwa hata mia. Hata kwa mama yangu hakuna aliyewahi kurudishiwa, na nilipomgusia alinijibu, "Wao ndio wanaowasha taa."

Kwa hiyo sisemi tuige miezi ya Wafaransa. Ukimwambia mama yangu leo achukue mwezi mmoja mmoja utakuwa umemwondolea mabati bila kumpa benki. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo viongozi wameshatamka zaidi ya mara moja kwamba miezi sita ni uonevu. Tukapiga makofi, tukaenda kulipa miezi sita. Ninachokililia mimi ni kidogo mno, mpaka naona aibu kukiita hoja. Ile orodha. Kuizunguka nyumba siku ya kwanza, watu wawili, karatasi mbili. Kioo hiki kina ufa. Bomba hili linavuja. Mita inasoma hivi. Shimo lilivutwa lini. Haihitaji pensheni, haihitaji baridi, wala haihitaji mzungu. Inahitaji kalamu na nusu saa.

"Karatasi bila mahakama ni karatasi ya maandazi." Nimekusikia, kaka. Lakini sisi tayari tunaandika mikataba, tunaipeleka serikali ya mtaa, tunalipia muhuri. Mkataba wangu wa Tabata ulikuwa na kipengele cha kutofuga mbwa na kipengele cha kutolaza wageni zaidi ya siku tatu. Ulikuwa hauna hata neno moja juu ya nyumba yenyewe. Mwenyekiti wa mtaa anapoletewa ugomvi wa kioo anaamua kwa kuangalia nani ni mkubwa kwa umri na nani analia. Mpeni basi na karatasi ya kuangalia.

"Wewe rudi ujenge, uone." Nitajenga, Mungu akipenda, na wewe ukija kupanga nitahesabu vijiko.

Mama nilimshawishi kwa shida. Alisema, "Nikiwaandikia wapangaji ubovu wa nyumba yangu nitakuwa nimewapa silaha." Nikamwambia na yeye atakuwa nayo. Mwishowe akamwita mpwa wangu wa kidato cha pili, akampa daftari kubwa, wakaanza na chumba cha kati, kwa kijana wa bodaboda. Mpwa akanitumia picha ya ukurasa: mlango mzima, swichi moja imelegea, dirisha la nyuma kioo kimoja kina ufa, sakafu imechimbika karibu na mlango. Saini ya mama, saini ya kijana, tarehe. Niliwaonyesha wenzangu kazini kwa majivuno ambayo sitayaombea radhi.

Haukupita muda mpira wa watoto ukapiga kile kioo. Kijana anasema ufa uliandikwa, kioo kilikuwa kibovu tangu mwanzo, si juu yake. Mama anasema kilichoandikwa ni ufa, na ufa na tundu ni vitu viwili. Kila mmoja amenitumia sauti ndefu, na kila mmoja anausoma ukurasa uleule. Baba wa mtoto mwenye mpira, anayekaa nyumba ya tatu, anasema yeye hayumo kwenye daftari la mtu. Mama akafunga mjadala kwa kusema aliyeleta mambo ya Ufaransa ndiye atakayenunua kioo. Nimetuma ya kioo, na ya fundi pia. Sasa mpangaji wa chumba cha mbele, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu yeyote, ameomba na chumba chake kiingizwe kwenye daftari, na amedai kwamba safari hii atashika kalamu yeye.